Mke Wangu Alimlilia Mtoto Wetu Kwenye Filamu, Nami Nikasema Simjui

Dada Kanyshai mpendwa,

Naomba msaada wako. Mimi ni dereva wa lori la makaa ya mawe, nina miaka hamsini, nakaa kijiji kimoja cha juu huku Naryn, na safu yako huwa naisoma kwa kuibia, kwa sababu gazeti analileta mke wangu na yeye ndiye mwenye kulisoma, mimi najifanya natafuta matokeo ya mieleka. Leo nimekuja na langu na sijui nilianzie wapi, maana sijawahi kuandika barua ndefu kuliko ile ya kuagiza spea.

Mke wangu anaitwa Sonun, tumeoana miaka ishirini na sita, tuna vijana wawili ambao wote wako Urusi kazini, kwa hiyo nyumbani tumebaki mimi, yeye na mama yangu, Mama Uulkan, mwenye miaka sabini na tisa na masikio mazima. Kabla ya hao vijana tulipata mtoto wa kike. Alizaliwa mwezi wa pili, theluji imefunga njia ya mlimani, mulla hakuweza kufika kumwadhinia na kumpa jina, na siku ya nne asubuhi akafa, ukimtazama ungesema amelala tu. Mimi na mzee jirani ndio tuliomzika. Niliporudi nilimkuta Sonun amekaa chini kando ya kitanda cha kubembeza, kiganja chake kiko juu ya mbao, na mama akaniita pembeni akaniambia, "Kile kitanda kitoe leo hii hii. Na mwambie asilie. Mtoto wa siku nne haimbiwi mbolezi, akimlilia atawafungia njia wengine." Nikakibeba kitanda nikakipeleka kwa binamu yangu kijiji cha chini, nikarudi nikamwambia Sonun, "Basi, yameisha, usilie," akasema, "Sawa." Na hakulia, dada. Kesho yake alikamua ng'ombe. Hatukulizungumza tena kwa miaka ishirini na minne, na mimi nikajiambia kwamba nimepata mwanamke mwenye moyo wa chuma, nikawa nalisema hilo hata mbele za watu, nikidhani namsifu.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kumi, walikuja watu watano kutoka Bishkek kutengeneza filamu, wakapanga kwetu wiki tatu kwa sababu walilipenda lango letu la buluu. Mkubwa wao alikuwa msichana mwembamba anaitwa Perizat, anavuta sigara nyuma ya banda akidhani mama hamwoni. Mimi nilikuwa barabarani, mgodini na mjini, mjini na mgodini, na Sonun aliwapikia. Nikamuuliza siku moja, "Na wewe wamekupiga picha?" Akasema, "Kidogo. Nikimimina chai." Nikauliza, "Filamu yenyewe inahusu nini?" Akasema, "Mwanamke fulani." Nikaridhika nikalala.

Sasa mwezi huu nilipeleka makaa Bishkek, pampu ya mafuta ikaniharibikia, fundi akasema spea itapatikana kesho, nikawa natembea tu karibu na soko, saa nane mchana, mvua ya manyunyu, mara nikaona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi mdogo wa sinema ambao hata kibao hauna, na kwenye ile karatasi kuna lango langu. Lango langu la buluu, dada, na ule mkwaruzo nilioupiga mwenyewe kwa bampa. Nikaingia. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na kulikuwa na baridi mle ndani kuliko nje.

Hiyo filamu ukimsimulia mtu atakwambia hakuna kinachotokea. Watu wanarudi kutoka makaburini, wanaume wananawa mikono, mwanamke wa nyumba anaingia jikoni anakanda unga. Anakanda muda mrefu. Anakaanga maandazi ya msiba, mafuta yanalia, yeye yuko kimya, na hakuna muziki, hakuna mtu wa kukueleza anawaza nini. Huyo alikuwa mwigizaji wa mjini, nilimwona vidole vyake laini nikajua. Nikataka kuondoka. Halafu wakaonyesha chumba chetu cha ndani, ukuta ule wenye rundo la magodoro, na mwanamke amekaa ameuelekea ukuta, sisi tunaona mgongo wake peke yake, na ule mgongo ulikuwa wa mke wangu. Bega la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, kwa sababu ya kubeba ndoo. Ningeujua ule mgongo katikati ya wanawake elfu. Akaanza kuimba mbolezi, kama wanawake wetu wanavyomwimbia mtu mzima aliyekufa na heshima zake zote, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia katika nyumba yangu, nzito, inatoka chini kabisa, haina haraka. Nitakuandikia niliyoyashika, na nadhani nimeyashika yote:

Siku nne ulikaa kwangu, mgeni wangu mdogo,
hukupata hata kujua nyumba ina madirisha mangapi.
Hawakukupa jina, nimekupa mwenyewe,
nimekuita Tansuluu, nimekuita kimoyomoyo.
Baba yako alikutia ndani ya koti lake, upande wa kushoto,
akafunga vifungo vyote mpaka shingoni,
akatembea ameupa upepo mgongo
kana kwamba bado utasikia baridi.
Nilimwona dirishani. Hajui kwamba nilimwona.

Ni kweli, dada. Nilimbeba ndani ya koti na nikafunga vifungo. Sikumwambia mtu, hata yule mzee niliyekwenda naye nilimwambia nafunga kwa ajili yangu. Na jina la mtoto wangu nimelijua nikiwa na miaka hamsini, kwenye ukumbi wa baridi, pamoja na watu kumi nisiowajua. Kando yangu kulikuwa na mama mmoja mwenye mfuko wa vitunguu, anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akaninong'oneza, "Huyu anayelia ni nani, unamjua?" Nikamjibu, "Simjui."

Kesho yake spea ilipatikana asubuhi lakini sikuondoka, nikampigia Sonun nikamwambia bado gari bovu, nikarudi kuitazama tena. Wakati wa kutoka Perizat alikuwa mlangoni, akanitambua. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema yule mwigizaji alikuwa amekariri maneno ya mbolezi kutoka kwenye karatasi, wakajaribu siku nzima, Sonun yuko kwenye tanuri anawasikiliza, mwisho akasema, "Sivyo hivyo." Wakamwomba aonyeshe. Akakataa, akasema hawezi kumlilia mtu wa kutungwa, atakuwa anakiita kifo, ila kama ni kulia tu, anaye wake. Akataka wote watoke abaki Perizat na kamera, akataka apigwe picha kwa nyuma, na iwe mara moja. "Alipomaliza," Perizat akaniambia, "alikwenda kutoa mkate. Haukuungua hata kidogo, kaka. Mimi ndiye niliyeshindwa kusimama."

Halafu akaniambia kwamba tarehe ishirini na sita mwezi ujao wanaileta filamu kwetu, kwenye ukumbi wa kijiji, na Sonun amekubali. Nikamwomba asimwambie kwamba ameniona. Akasema yeye si mtunza siri mzuri.

Basi tangu nirudi siwezi kumtazama mke wangu usoni. Akiingia chumbani nasimama, sijui kwa nini nasimama, kama vile ameingia mtu mkubwa. Juzi ameniuliza, "Una nini, mgongo unakuuma?" Akimimina chai naiangalia mikono yake, najiuliza nimeishi na nani miaka yote hii. Mama hajui kitu. Akimsikia mkwewe anamwimbia mbolezi mtoto wa siku nne mbele ya kijiji kizima, sijui atasema nini, na nina hofu atakayoyasema hayatafutika. Rafiki yangu mmoja nimemdokeza, akaniambia, "Mpigie yule msichana wa mjini, mwambie akikate hicho kipande. Watu watawacheka."

Dada, niizuie? Au ninyamaze nikae kama sijui kitu mpaka siku ifike, tuione wote pamoja? Nakuomba unielekeze. Nitafanya utakavyosema.

Tashtan, dereva


Ndugu Tashtan,

Jibu hili nalituma kwa posta, kwenye bahasha isiyo na jina la gazeti, kwa sababu umesema mkeo ndiye msomaji, na hili si jambo la yeye kulikuta ukurasa wa nane karibu na matangazo ya kondoo.

Barua yako niliianza nimekaa na nikaimaliza nimesimama. Kwa hiyo usijione mjinga unaposimama mkeo akiingia. Umeona kitu kikubwa na mwili wako umekijua kabla ya akili yako. Wanaume wengi wanazikwa hawajawaona wake zao hata mara moja, wewe umemwona wako kwa mgongo tu, na imetosha.

Pole kwanza. Hiyo nakupa bila masharti. Ulikuwa na miaka ishirini na sita, ulimzika mtoto wako kwenye theluji, na wewe pia hakuna aliyekwambia ulie. Kitanda ulichokitoa siku ile nakusamehe, uliambiwa na mama yako, na ulikuwa umechanganyikiwa. Lakini kimya cha miaka ishirini na minne hukuambiwa na mtu. Hicho ulikichagua kila asubuhi kwa sababu kilikufaa. Mwenzako alisema "sawa" na wewe ukachukua lile neno ukaliita moyo wa chuma, ukatembea nalo ukilitangaza. Aibu kidogo ingekufaa hapo, na naona imeshaanza, kwa hiyo sitaongeza.

Unauliza uizuie. Kwa haki gani? Ulimnyima kilio mara ya kwanza, sasa unataka kumnyima mara ya pili, na mara hii kwa simu. Huyo rafiki yako anayeogopa kuchekwa usimwulize tena chochote ila mambo ya matairi.

Unauliza unyamaze mpaka tarehe ishirini na sita. Hapana. Fikiria anavyokaa mle ukumbini: kijiji kiko nyuma yake, mama mkwe kando yake, na wewe anakuvizia kwa pembe ya jicho aone uso wako utakuwaje. Amekubali ije kwa sababu hajapata njia nyingine ya kukwambia. Mwanamke ameita kijiji kizima ili mume wake asikie. Mwondolee mzigo huo kabla ya siku yenyewe.

Basi sikiliza. Ukishaisoma barua hii, kesho asubuhi, mfuate anapokamua. Usimpeleke ndani umkalishe kwenye kiti, utamtisha, na usinunue zawadi. Mikono yake iwe na kazi. Mwambie umeiona, lini, wapi, mara ngapi. Mwambie ulidanganya kuhusu gari. Mwambie na lile "simjui" ulilomjibu yule mama wa vitunguu, hata kama limekukaa kooni, maana atakuja kulijua na ni heri alisikie kwako. Kisha ulitamke jina la mtoto kwa sauti. Msamaha uombe baadaye. Ukianza na msamaha atakimbilia kukufariji, wanawake wa umri wetu ndivyo tulivyofunzwa, na mazungumzo yatakuwa yako badala ya yake. Baada ya hapo funga mdomo. Akinyamaza, nyamaza naye, usiondoke.

Mama yako ni kazi yako, usimwachie Sonun. Mwendee peke yako, kwa adabu zote, umwambie filamu ina nini na nani analia ndani yake. Usimwombe ruhusa. Mwambie kwamba mkeo ataonekana na kijiji na kwamba wewe utakuwa umekaa kando yake. Akitaka kuja, aje. Akitaka kubaki nyumbani, mchemshie chai, mwache. Akisema maneno mabaya, yasikilize wewe, yaishie kwako. Miaka yote hii yaliishia kwa mwingine.

Na lile kaburi. Hukuandika kama lina jiwe. Muulize Sonun anataka nini, ufanye hicho.

Kanyshai


Dada Kanyshai,

Nakuandikia mara ya pili, na unaweza kuzichapisha barua zote, Sonun amezisoma na amenisahihisha tahajia mahali pawili.

Nilimfuata zizini asubuhi ileile ya kesho yake. Nikasimama nyuma ya ng'ombe, nikamwambia, "Ile filamu nimeiona." Hakugeuka. Akasema, "Najua. Perizat alinipigia simu siku ileile." Nikauliza, "Mbona hukusema?" Akasema, "Nilikuwa nangoja nione hilo gari litaharibika mara ngapi." Nikamwambia na habari ya yule mama na vitunguu vyake. Hapo mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Nikalitamka jina la mtoto. Sikuweza kulimaliza vizuri, nikarudia, mara ya pili likatoka lote. Akaniuliza jambo moja tu, "Ulikaa mpaka mwisho?" Nikasema nilikaa, siku zote mbili. Akanipa ndoo nimshikie, na tukabaki mle zizini mpaka maziwa yakapoa, na yaliyosemwa sitayaandika.

Mama nilimwambia siku hiyo hiyo mchana. Alisikiliza, macho yako dirishani, kisha akasema, "Ukumbini kuna ngazi?" Nikasema zipo tatu. Akasema, "Utanishika." Hakuligusia tena jambo hilo kwa wiki tatu, na sisi tuliishi kwa hofu.

Tarehe ishirini na sita, saa tisa alasiri, watu walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Niliketi kulia kwa Sonun, mama kushoto kwake, mstari wa mbele. Watu walicheka kidogo mwanzoni walipoona mbuzi wa fulani, walipoona kisima, unajua watu wakijiona. Ikafika kwenye chumba chetu na ule mgongo. Sonun aliinamisha kichwa. Nikamshika mkono mbele ya kila mtu, jambo ambalo huku kwetu halifanywi.

Mbolezi ilipofika kwenye jina, mama akasimama. Nikajua ndio haya, anatoka. Hakutoka. Akatembea taratibu mpaka kwenye ukuta wa pembeni, akaugeukia, akaweka mikono kiunoni kama wanavyoweka wanawake wakiimba mbolezi, akaanza kuimba yake. Sauti yake ya uzee inakatika, lakini maneno yalisikika mpaka nyuma. Alimwimbia mtoto wa kiume aliyeishi siku kumi na moja, kule malishoni, kabla sijazaliwa. Jina lake Kubat. Mimi maisha yangu yote nimejijua kuwa kifungua mimba wa nyumba ile, dada, na baba yangu amekufa hajawahi kulitaja jina hilo. Nikawa nimesimama, na sikuwa peke yangu, wazee wote walikuwa wamesimama na kofia zao mikononi. Sonun alikwenda akasimama kando yake, bega kwa bega, na yeye ameuelekea ukuta. Kisha wakatoka wanawake wengine kwenye mistari, mmoja mmoja, sikuwahesabu, sikujua kwamba nyumba nyingi hivyo zina watoto ambao hatuwataji. Filamu iliendelea peke yake hadi ikaisha, hakuna aliyekuwa akiitazama. Perizat alikuwa amekaa chini sakafuni, amejifunika uso.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama tumemweka katikati. Tukafika daraja dogo. Hapo Sonun akamuuliza, sauti ya chini, kama anavyomuuliza kila siku kama chai yetu ya chumvi imekolea, "Mama, alikuwa na nywele?"

Mama akasimama. Akaupeleka mkono wake kwenye paji la uso wake mwenyewe, akauteremsha mpaka kwenye nyusi.

"Nyingi," akasema. "Zilikuwa zinafika hapa."

Tashtan